Mwalimu Mangantar Manurung, Fundi wa Vichezeo vya Fizikia (1951–2022)

Wakwe zetu, mashemeji, wazee wa ukoo, mchungaji wetu, na ninyi wanafunzi mliokuja kutoka pande zote za ziwa: mimi ni Saut Manurung, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, karani mstaafu wa ofisi ya elimu. Mjane wake, Mama Binsar, ameniomba niyasome maisha ya kaka yangu. Nitayasoma kama yalivyokuwa, na pale patakaponiuma mimi mwenyewe mnivumilie.

Mwalimu Mangantar alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kijiji cha Lumban Tonga, karibu na Porsea. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Jahoras Manurung, seremala, na Rosti boru Butarbutar, yaani binti wa ukoo wa Butarbutar, mfumaji wa vitambaa vya ulos. Alipokuwa na miaka tisa alitoboa tundu dogo kwenye ubao wa dirisha letu, akaziba mianya mingine yote kwa matambara, akamwita bibi yetu aingie. Humo gizani, ukutani, bibi alimwona nyati wa kulimia wa baba mkubwa akipita miguu juu, mgongo chini.

“Ee Mungu wangu! Nani kamgeuza nyati wa watu?”

“Hajageuzwa, Bibi. Toka nje umtazame, kasimama vizuri tu.”

Bibi alitoka, akaingia, akatoka tena. Mara ya nne akakaa chini, akasema, “Basi mmoja wetu ni mwongo, mimi au ukuta.” Baba alimchapa kaka kwa kuharibu ubao. Lakini tundu lile hakuliziba, na jioni nyingine nilimkuta baba mwenyewe amejifungia humo, anamtazama nyati.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, ya kati Porsea, na ya upili Balige, ambako alitembea kilomita kumi na nne kila Jumatatu na kurudi kila Jumamosi. Mwaka 1971 aliingia chuo cha ualimu jijini Medan kusomea fizikia, akahitimu Desemba 1975. Baba aliuza mbao alizokuwa amejiwekea za kujengea nyumba mpya ili amalizie masomo. Nyumba haikujengwa. Kaka hakuacha kulitaja hilo hadi uzeeni.

Januari 1976 alipangiwa shule moja ya upili wilayani kwetu. Kabati lililoandikwa “Maabara” lilikuwa na mizani iliyovunjika na mifupa ya panya, na panya huyo hakuwa wa kufundishia, alikufa humo mwenyewe. Kaka alicheka, kisha akaenda jalalani. Balbu iliyoungua akaijaza maji ikawa lenzi. Kifuniko cha kalamu akakiwekea uzito kidogo, akakitia ndani ya chupa ya maji. Ukiiminya chupa kinazama, ukiiachia kinapanda. Kandambili zilizokatika zikawa magurudumu. Wanafunzi waliodhani fizikia ni ya watoto wa Medan walikuwa wakibishana hadi kengele inapita. Hakuwapa jibu upesi. Alikuwa akisema, “Jicho ni shahidi, si hakimu. Mhojini kwanza.”

Tarehe 24 Juni 1978, Jumamosi, alifunga ndoa kanisani Porsea na Tiurlan boru Sitorus. Barua yake ya kwanza kwa shemeji yangu aliiandika kwa herufi zilizogeuzwa, za kusomwa kwenye kioo. Shemeji aliitazama, akampelekea dada yake. “Mwalimu gani huyu? Hata kuandika hajui, nami nimlee?” Barua ilikaa wiki mbili nyuma ya mkungu wa ndizi, mpaka dada yake alipopita nayo mbele ya kioo akichana nywele. Mungu aliwajalia watoto watatu: Binsar, Rotua na Mangara.

Sasa nafika mahali pagumu.

Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1993, uwanjani pa shule, Mwalimu alikuwa akiwaonyesha darasa roketi ya chupa: maji nusu, kizibo, na pampu ya baiskeli. Walipampu, chupa haikuruka. Mwalimu akamwambia mwanafunzi aliyekuwa karibu zaidi, Lasmaida boru Sirait, miaka kumi na mitano, “Hebu kaangalie hicho kizibo, mwanangu.” Lasmaida akainama. Chupa ikaruka. Kaka alimbeba mwenyewe mpaka hospitali, na kesho yake walimpeleka Medan, lakini jicho la kushoto halikuokoka.

Ofisi yetu ya elimu ilitakiwa kutoa ripoti. Ripoti ile ilisema: “Mwanafunzi alikaidi maelekezo ya mwalimu.” Nakala ilipelekwa kwa wazazi. Sentensi hiyo niliiandika mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona ndugu yangu atafukuzwa kazi, nami pengine nitaguswa, nikaipiga kwa taipureta na kuigonga muhuri kabla yeye mwenyewe hajaulizwa.

Kaka alipoisoma alikuja kwangu.

“Saut, huu ni mkono wako.”

“Nimekuokoa, Kaka.”

“Umemwokoa nani? Nilimtuma mimi. Kwa mdomo wangu.”

Akaandika maelezo yake, akayapeleka mkoani, akikubali kosa. Ya kwake yakaingia kwenye jalada, yangu yakabaki kwa wazazi. Alihamishiwa Samosir, ng'ambo ya ziwa, akakaa miaka saba, na hakupandishwa cheo tena. Kabla ya kuhama, ukoo wetu ulikwenda kwa akina Sirait na wali na samaki mzima, kama desturi inavyotaka, kuomba msamaha. Baba wa Lasmaida alipokea. Mama yake alisimama mlangoni.

“Samaki tumekula, Mwalimu. Jicho halijarudi. Na mmeona halitoshi, mmemchukulia mwanangu na jina lake? Mkaidi! Mwanangu mkaidi?”

Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwake. Kaka alinitazama mara moja tu. Kisha akainamisha kichwa, akasema, “Nisamehe, Mama.” Hakusema nani aliandika. Njiani nilimwomba asiseme kamwe, kwa ajili ya kazi yangu na watoto wangu. Akajibu, “Sitasema. Lakini usiniombe nisahau.”

Vichezeo vyote alivitia kwenye magunia. Zaidi ya miaka kumi alifundisha kwa chaki peke yake.

Mwezi wa Februari 2004 alikuwa amesharudi Porsea. Lasmaida, wakati huo mwalimu wa shule ya msingi, alibisha hodi akiwa na kinyago cha plastiki alichonunua kwa ajili ya igizo la watoto. Mama Binsar alikuwepo, naye ndiye aliyetusimulia.

“Mwalimu, nikikitazama kwa ndani, walimu wenzangu wanasema ni shimo. Mimi naona uso umetokeza, tena unanigeukia kila ninakokwenda. Nimeanza kuwa kichaa?”

Kaka akakishika, na ualimu ukamtangulia. “Funga jicho mo—” Uso ukamshuka.

Lasmaida akaangua kicheko. “Mimi nimeshafunga, Mwalimu! Mwaka wa kumi na moja huu.”

Mama Binsar anasema mumewe alilia mpaka kinyago kikamtoka mkononi. Lasmaida akakiokota, akangoja, kisha akasema, “Haya, umeshalia. Sasa nieleze.” Akamweleza: kila jicho huona kutoka mahali pake, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo inayoupa ubongo habari ya kina. Likibaki moja, ubongo hukosa wa kubishana naye. Hushika ulichozoea, nao haujapata kuona uso uliobonyea ndani.

“Kwa hiyo mchezo huu mimi nauona kuliko wao?”

“Kuliko wao wote.”

“Tafuta mingine basi.”

Magunia yalifunguliwa wiki hiyo. Tangu hapo, kila Jumamosi, walitengeneza pamoja masanduku ya vichezeo na mafumbo, na kufikia 2019 yalikuwa yamefika shule sitini na mbili kuzunguka ziwa. Roketi hawakuitengeneza.

Mama wa Lasmaida hakupata kuingia nyumbani kwa kaka. Alifariki mwaka 2011. Tulikwenda kumzika, tukasimama nje ya ua, mvua ikinyesha, na hakuna aliyetukaribisha chakula. Jeneza lilipotoka ningeweza kusema. Sikusema. Mama yule alikwenda kaburini akimhesabia ndugu yangu neno langu.

Mwaka 2015 ugonjwa wa kutetemeka ulianza kwenye mkono wa kulia. Kwa mtu aliyeweza kusimamisha misumari kumi na miwili juu ya kichwa cha msumari mmoja, ilikuwa adhabu. Siku moja alijaribu tangu asubuhi. Ilianguka, akaokota, ikaanguka.

“Baba Binsar, nikushikie,” mkewe alisema.

“Ukinishikia, itakuwa imesimama kwa mkono wako.”

Saa nane mchana aliisukuma mezani, akasema, “Basi. Nimebaki mwalimu wa maneno.” Hakuigusa tena. Lasmaida akawa anatengeneza, yeye anaelekeza kutoka kitandani, akimkaripia kama mwanafunzi. Mwishoni mwa Februari mwaka huu alipata homa ya mapafu. Alilazwa Balige, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 3 Machi 2022 alifariki, mkewe na Rotua wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Wiki moja kabla, nilimwambia kwamba akitangulia nitalisema lile jambo mbele ya watu. Hakunisukuma wala hakunizuia. Alisema tu, “Liseme kwa ajili ya yule binti. Mimi nimeshazoea.”

Ndiyo maana nimeomba lichapwe katika kijarida mlichoshika. La uongo lilichapwa na kugongwa muhuri. La kweli nalo lichapwe. Lasmaida boru Sirait hakukaidi. Alitumwa, akatii.

Marehemu ameacha mjane, Tiurlan boru Sitorus, watoto watatu, Binsar, Rotua na Mangara, na wakwe zake, wajukuu saba, sisi ndugu zake wawili tuliobaki, Nurmala na mimi, na Lasmaida, ambaye watoto wa marehemu wameomba atajwe katika familia.

Jana jioni nilimpelekea Lasmaida maandishi haya kwanza, asije akayasikia hapa kama mgeni. Aliyasoma amesimama. Aliporudisha karatasi hakunikaribisha kukaa. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita.

“Baba mdogo! Kesho usome yote. Usiruke hata neno.”

Sikumuuliza kama amenisamehe. Nimesoma yote.

Kaka, umechoka kubeba. Bwana akupokee, upumzike kwa amani yake.