Mwalimu Rozina Sikazwe na Chumba Kilichowekewa Wageni

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamsindikiza Rozina makaburini, familia inaomba mtulie kidogo msikie habari zake. Zimeandikwa na mdogo wake, Enock. Maisha yake yote Rozina aliitwa mbele kusema, na akishamaliza kusema alirudishwa kukaa. Leo wengine tutasema kwa ajili yake.

Mwalimu Rozina Clemens Sikazwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Kaengesa, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Clemens Sikazwe na mama Kristiana, ambaye yupo hapa pamoja nasi, kwenye mkeka. Walikuwa wakulima wa mahindi na ulezi. Akiwa na miaka minne alishikwa na surua. Mwili ulipona, macho hayakupona. Majirani walikuja kutoa pole kama ya msiba, wengine wakilia kabisa, hadi mama Kristiana akachoka. "Jamani, mtoto hajafa," aliwaambia. "Mbona mnamzika?"

Mwaka 1988 alipelekwa shule ya bweni iliyopokea pia wasioona katika mkoa wa jirani. Huko kipindi cha hesabu kilipofika, wasioona walitolewa nje wakachambue maharage ya jikoni, eti hesabu ni mambo ya kuona ubaoni. Rozina alichukua ungo wake akakaa chini ya dirisha la darasa. Siku moja mwalimu aliuliza swali, darasa zima likawa kimya, jibu likatokea nje. "Nani huyo?" "Ni mimi Rozina, mwalimu. Wa maharage." Darasa lilicheka, mwalimu naye akacheka, kisha akafunga dirisha. Rozina alipenda sana kuisimulia habari hiyo, na sisi tulicheka kila mara. Ila akifika kwenye lile dirisha sauti yake ilikuwa inakauka.

Alisoma sekondari kuanzia 1996 hadi 1999, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 2003 na kuajiriwa hapa Sumbawanga kufundisha Historia na Kiswahili, kwa kuwa ndiyo masomo aliyoruhusiwa. Mwaka 2010 alihudhuria mafunzo Dodoma, na huko akakutana na kompyuta inayosema: ukibonyeza herufi, inaitamka. Alipewa moja iliyochakaa. Alirudi nayo hakamatiki. Ilikuwa furaha ya mtu aliyefunguliwa dirisha baada ya miaka mingi.

Tangu hapo hakukaa nayo ndani. Jumapili baada ya misa utamkuta kwenye uwanja wa kanisa, kesho yupo mwaloni Kabwe, kando ya ziwa, kati ya wauza samaki, keshokutwa mnadani kati ya ng'ombe. Aliwaambia watu wafumbe macho, akawapitishia ungo wenye punje. "Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Kompyuta haijui neno lingine, mengine yote ni mpangilio tu." Watu walipapasa, wakahesabu, wakasoma herufi kwa vidole, na wakifumbua macho wanaguna. "Mnaona?" aliwatania. "Mmeyaweka macho pembeni na hakuna aliyekufa."

Ni mnadani, mwaka 2015, mfugaji mmoja aliyehamia huku kutoka Usukuma, mzee Shija, alipomsogelea baada ya watu kutawanyika. "Mwalimu, mimi nina binti haoni. Nimemwacha nyumbani na mama yake. Nilijua kwake ndiyo basi."

"Basi ya nani, baba? Mlete."

Alimleta. Ndiye Kashinje, ambaye Rozina alimlea nyumbani kwake Mazwi kama mtoto wa kumzaa. Ile kompyuta kuukuu haikumsubiri, ilikuwa imeshakufa kwa vumbi la minada.

Rozina alifunga ndoa na Loth, fundi baiskeli wa Mazwi, tarehe 7 Oktoba 2006. Siku ya harusi shangazi mmoja wa bwana harusi aliuliza kwa sauti, watu wakisikia, bibi harusi huyu atapikaje. Baada ya siku chache Rozina alimpelekea ugali wa ulezi na samaki, akapiga goti. "Shikamoo shangazi. Onja kwanza, halafu uulize tena." Shangazi alimaliza sahani na hakuuliza tena. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jane na Benjamini.

Sasa tunafika pagumu, na atakayekasirika akasirike. Mwaka 2019 wafadhili walileta shuleni kwake kompyuta zinazosema, kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Utepe ulikatwa, Rozina akahutubia, watu wakafuta machozi, picha zikapigwa. Kisha chumba kikafungwa. Sote tunajua tulivyo majumbani kwetu: vikombe vizuri vinakaa kabatini, mtoto akivigusa anachapwa, vinatoka akija mgeni. Ndivyo kompyuta zilivyofanywa. Akina mama wa kamati walizifumia vitambaa vyeupe, kila moja na chake. Hawakuwa na nia mbaya, walitaka zidumu.

Rozina alikwenda kuomba ufunguo. "Mwalimu, hawa watoto watapapasa waziharibu," aliambiwa. "Tusubiri utaratibu."

"Wasipopapasa watajifunza kwa kunusa?"

Hakupewa. Walipokuja wageni ndipo mlango ulipofunguliwa, vitambaa vikavuliwa, Rozina akafuatwa aje aseme. Alisema vizuri, akapigiwa makofi, wageni wakaondoka, vitambaa vikarudi. Loth alimwuliza kwa nini anakubali. Alijibu kwamba labda safari hii watasahau kufunga. Miaka yote hiyo hawakusahau hata mara moja.

Basi Loth alichukua ubao, akaupigilia nati za baiskeli kwa mpangilio wa herufi za kompyuta. Kashinje alikaa nao mapajani, Rozina akakaa karibu yake, vidole vyake vikifuata vya mtoto. "Bonyeza. Mimi ndiye kompyuta." Kashinje akibonyeza nati, Rozina anaitamka. Hivyo ndivyo binti huyu alivyojifunza kuandika, jina lake, kisha barua nzima, kwenye ubao usio na waya, akisomewa na koo la mwanadamu.

Na koo hilo ndilo lililougua. Novemba 2023 sauti ilianza kukwaruza, tukasema ni vumbi. Mbeya walisema ni kansa. Ilipofika Machi mwaka huu sauti ilikwisha kabisa. Kashinje alibonyeza nati na kompyuta yake haikujibu. Rozina akawa anamgonga mkononi, mara moja kama amepatia, mara mbili kama amekosea, na somo likaendelea.

Mwezi Aprili walikuja wageni wengine. Mjumbe alitumwa nyumbani kumfuata Rozina akahutubie. Loth alimwambia mlangoni, "Hana sauti tena, ndugu yangu." Mjumbe alifikiri kidogo. "Basi aje akae tu mbele, wageni wamwone." Loth alifunga mlango. Uchungu wa siku ile haujatutoka, na hatuoni aibu kuusema.

Rozina alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, hapa Sumbawanga, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe.

Jana mchana tuliletewa habari kwamba kile chumba kimefunguliwa. Mama Kristiana alipiga vigelegele katikati ya kilio. Kumbe vimefuatwa viti. Viti vya bluu mlivyokalia leo ndivyo vya chumba kile. Kitambaa cheupe kilichotandikwa kwenye meza ya rambirambi kimevuliwa kwenye kompyuta mojawapo. Kashinje naye amekalia kiti kimoja, mstari wa mbele. Mwakani, katika shule hiyo hiyo, anafanya mtihani wa kompyuta wa kidato cha nne, na hajawahi kugusa kompyuta. Kiti cha kompyuta tu ndicho alichokigusa, tena leo, kwa sababu mwalimu wake amekufa.

Marehemu ameacha mama yake, Kristiana, mume, Loth, watoto, Jane, Benjamini na Kashinje, na mdogo wake, Enock. Ameacha pia ufunguo mmoja, uliopo mfukoni mwa mtu aliyekaa hapa nasi, naye anajijua. Familia haiombi hotuba. Inaomba viti vikirudishwa, Kashinje atangulie kuingia, na mlango usifungwe nyuma yake.

Rozina, dada yetu, pumzika kwa amani. Mwenye ufunguo asipumzike kwanza.