Bi. Nyakerario Akataa Kiti

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, Bi. Roselyne Nyakerario anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai kwa miaka thelathini na minne. Anastaafu akiwa ametimiza miaka sitini, wala si siku moja kabla. Wapo waliotaka aondoke mapema. Baadhi yao watakuwa meza kuu siku hiyo, na tunatarajia wapige makofi kuliko wote.

Alianza kama karani wa mizani katika kituo cha majani karibu na Keroka. Baadaye akapanda cheo, akawa afisa wa nyanjani na kukabidhiwa milima ya Manga. Maafisa wengine walipoanza kuchukua bodaboda, yeye aliendelea na miguu. Alisema pikipiki inakutangaza tangu bondeni, na mkulima akisikia mlio anapata nafasi ya kuficha makosa yake. Yeye ungemkuta tu amesimama katikati ya michai, amekunja mikono, anakutazama ukichuma majani yaliyokomaa.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na sifa zake. Ujanja wa kapu tunaujua sote: juu majani mawili na chipukizi, laini ya kupendeza, na chini kabisa yamelala yaliyokomaa. Nyakerario hakushughulika na juu. Alizamisha mkono hadi begani, akautoa na konzi ya majani magumu, akaiinua juu ili kituo kizima kione. Hakuna aliyewahi kukata rufaa.

Kisha ikaja saratani ya matiti. Alifanyiwa upasuaji, akatiwa dawa za mshipani, akachomwa mionzi, nywele zikaenda na kurudi zikiwa na mvi zaidi. Alipoambiwa saratani imeondoka, tulifanya ibada ya shukrani hapa kiwandani tukadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Asubuhi moja ya umande aliteleza kwenye nyasi za kituo, akajikinga kwa ule mkono wa kulia, nao ukavunjika. Mtu mwingine angeanguka vile, angejipangusa sketi na kucheka. Hospitalini walimpima mifupa wakamweleza ukweli: vidonge anavyomeza kila siku ili saratani isirudi vinapunguza homoni ile ile inayoilinda mifupa ya mwanamke. Mifupa yake ilikuwa imekonda kutoka ndani. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa amepigana vita akashinda, halafu silaha yenyewe ikamgeuka.

Hapo upendo wetu nusura ummalize. Kwetu Gusii mgonjwa hukalishwa, na anayempenda zaidi ndiye humkalisha zaidi. Basi Nyakerario akawekwa ofisini kwenye kiti chenye mito miwili. Chai aliletewa. Akisimama, watu watatu walisimama naye. Mzee Nyabuto wa Manga, ambaye majani yake yalikuwa yamerudishwa na Nyakerario mara zisizohesabika, alisafiri na mguu mzima wa ng'ombe ili achemshiwe supu, mfupa ukaungane na mfupa. Naye meneja wetu, Bwana Onchiri, akampendekezea kwa roho safi kabisa astaafu mapema kwa sababu za kiafya, akapumzike.

Alijibu siku ya maombi ya wafanyakazi. Duke, katibu wa kamati ya maslahi, alikuwa akimwombea apate kukaa kwa utulivu, akae asisumbuke, akae tu. Kabla ya amina, Nyakerario akafungua macho na kusema, "Duke, simama hapo. Msiniombee nikae. Niombeeni nisianguke." Duke akaanza upya.

Juma lililofuata alimchukua Bwana Onchiri hadi kwa daktari wake, ili meneja asikie kwa masikio yake. Daktari alisema mifupa ya namna ile haitaki kiti. Inataka sindano yake kwa wakati, maziwa, mboga kama chinsaga, jua kidogo, na kutembea kila siku, kwa sababu mfupa huendelea kuwa imara ukibebeshwa mwili wake. Kilichokatazwa ni kuinua mizigo na kuanguka. Wahenga walishasema kutembea bure si sawa na kukaa bure, lakini meneja alihitaji kulisikia kwa daktari.

Aliporudi milimani hatukupata usingizi mzuri, tuseme ukweli. Njia za Manga wakati wa mvua humwangusha hata mbuzi. Alivaa gambuti zenye meno, akashika mkongojo, akaacha magunia kwa wengine, akaenda. Wakulima walipoona hakuna wa kumzuia, wakachukua majembe. Mzee Nyabuto ndiye aliyeanza. "Huyu mama amekataa kukaa," aliwaambia majirani, "sasa sisi tufanye nini? Tuchimbe." Wakakata ngazi kwenye kila mteremko anaopita, wakatia mawe, na penye utelezi mbaya wakafunga ufito wa kushika. Watu hawa hawakuwahi kukubaliana hata juu ya mpaka wa shamba.

Siku ngazi zilipokamilika, Nyakerario alizipanda hadi kwa Mzee Nyabuto, akamshukuru machozi yakimlengalenga. Kisha akazamisha mkono wa kushoto katika kapu lake, akautoa na majani magumu, akayakataa. Mzee alicheka hadi akaketi chini. Alituambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoamini omong'ina huyu, mama yetu, amepona.

Ukanda wake umeongoza kwa ubora wa majani katika kiwanda hiki mara nyingi kuliko ukanda mwingine wowote, na miaka hii ya mifupa iliyokonda haikuubadilisha. Wanawake kadhaa waliotibiwa saratani kama yeye wamekwenda kupimwa mifupa kwa sababu aliwasimamia mlangoni mpaka wakaenda. Hilo halimo katika kazi aliyoajiriwa kufanya, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Sasa limebaki suala la kiti. Tangu zamani kamati yetu humpa kila mstaafu kiti kikubwa cha mbao, akakikalia mbele ya watu akapigwa picha, na Duke, kwa mazoea, alikuwa amekwisha kukiagiza kwa seremala wa Keroka. Nyakerario alipopata habari alituma ujumbe mfupi: hakalii. Ijumaa, sherehe ikiisha, atatoka langoni kwa miguu yake apande ngazi za Manga hadi nyumbani, na anayetaka kumuaga amfuate. Kiti kije pia. Duke atakibeba kichwani, na atakayechoka njiani akikalie.

Mama, ahsante kwa miaka yote, na kwa kila kapu ulilolikataa. Tutakuja nyuma yako tukihema. Tunakutakia maisha marefu yenye njia nyingi, na safari hii tunaomba ulivyotufundisha: usianguke. Amina.