Basi la Shamba la Maua

Jioni moja mwaka 2003, tukirudi Kitengela kutoka shamba la maua kwa basi la wafanyakazi, nilikaa nyuma ya Nasieku, msichana aliyeajiriwa juzijuzi kupaki maua. Kando yake alikuwa mzee wa kupiga maua dawa, aliyejitambulisha kwake kama Baba Naipanoi.

"Wamenikata pesa ya chama cha wafanyakazi tena," Nasieku alilalamika. "Hiyo pesa inafanya kazi gani? Mimi sijafutwa kazi, sijagombana na mtu."

"Inalipa ofisi ya chama, na wakili wa wale wamefutwa," mzee akasema polepole. "Halafu inalipia wale wetu wanaenda kukaa chini na mabosi ndio tupate mkataba."

"Mkataba siwezi kupika."

Mzee akacheka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kiti cha dirishani. "Hata hii basi iko kwa mkataba, msichana wangu. Zamani tulikuwa tunakanyaga matope mpaka Kitengela, fisi wakitusindikiza."

"Basi ni ya kampuni. Si jina yao imeandikwa hapo kando?"

Kweli lilikuwa limeandikwa, tena kwa rangi nyekundu. Mzee akatazama nje akitabasamu. Nadhani fisi walikuwa wasikivu zaidi.

"Mwezi ujao najitoa kwa chama," Nasieku akasema akisimama. "Dereva, sogea mbele kidogo, hapa kuna matope!"

Basi likasogea hadi kwenye geti lake. Akashuka, viatu vikavu, kisha akamgeukia dereva.

"Na kesho asubuhi usinipite!"