Mguu Uliokuwa Hausikii Moto

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, Yeye aliyenifikisha mbele yenu leo, ingawa nimefika kwa magongo.

Mimi ni mkulima wa mpunga kule Magu. Nina kisukari kwa miaka mingi, na nyayo zangu zilishakufa ganzi. Sikuliona hilo kuwa tatizo. Wakati wa mavuno niliteleza kwenye tuta, nikateguka kifundo cha mguu, kikavimba palepale.

Dada yangu Kabula ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alibandika maji jikoni, kama mama alivyokuwa akifanya, akanikanda kwa taulo. Mikono yake imezoea masufuria ya moto. Akaniuliza kama yananiunguza.

Nikamjibu, "Dada, sisikii kitu."

"Basi hayajachemka," akasema, akayarudisha motoni.

Ndugu zangu, asubuhi ngozi ilibanduka. Majirani wakasema nimetupiwa kitu, wakaniletea majani ya kufunga. Kidonda kikaoza. Nilipofikishwa hospitali Mwanza, walikata vidole, kisha nusu ya unyayo.

Ndipo muuguzi akanieleza. Mguu ukiteguka, siku za mwanzo unatulizwa kwa baridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa muda mfupi. Joto ni la maumivu ya zamani, kama mgongo uliokaza. Na mtu mwenye ganzi asiwekewe moto wala barafu, aende kwanza akapimwe. Maneno machache hivyo! Niliyapata nikiwa nimeshakatwa.

Kabula alikuja wodini, akasimama miguuni pa kitanda. "Mimi ndiye niliyekukata," akasema. Nilimwambia hapana, alinikanda kwa upendo. Hakuniamini. Akahamia kwa mwanawe Sengerema, na simu zangu hapokei.

Nikamkasirikia Mungu. Nilimwambia waziwazi kwamba mguu angeuchukua wote, lakini dada yangu angeniachia. Nililia hadi sauti ikakauka, na hapo Bwana akaniondolea ile hasira. Uchungu haujaisha, siwadanganyi. Ila siku hizi naomba, na chakula kinapita kooni.

Mwaminini Mungu huyu, ndugu zangu. Na kabla hamjabandika maji, muulizeni mgonjwa kama mguu wake unasikia.

Kama yupo anayevuka kwenda Sengerema wiki hii, naomba amtafute Kabula. Amwambie mdogo wake amesimama kanisani, na hamlaumu.