Mguu Ndani ya Gambuti

Watu wa Karurumo hulima kahawa na kunywa chai, na benchi lililo mkabala na lango la kiwanda cha kahawa halijawahi kuuliza kwa nini. Asubuhi hiyo chupa ya chai ilizungukwa na watu watatu. Gachoki, waliyemwita Mizani kwa kuwa alikuwa karani aliyesimama miaka thelathini akipima kahawa ya watu, alikaa pembeni, mguu wa kushoto ameunyoosha ndani ya gambuti, buti lake la mpira. Mishipa ya mguu huo ilivimba zamani. Sasa kulikuwa na kidonda juu ya kifundo, cha miezi mitatu, na hakikuwa na dalili ya kupona. Muriuki, yaani Profesa, alikuwa amemletea majani. Tena.

— Hii ni thabai. Chemsha, kunywa ikiwa moto. Vile inawasha mkono, ndivyo itaamsha damu.

— Yale ya wiki jana bado nakunywa, alisema Gachoki.

— Changanya. Umoja ni nguvu.

Gichovi, fundi wa maji ya mashamba aliyeitwa Mabomba, alitikisa kichwa.

— Profesa, utaua mzee wa watu. Mguu ni paipu. Maji hayapandi mlima bila presha. Alale miguu juu, ikiangalia Mlima Kirinyaga, damu iteremke yenyewe.

— Na kichwa kikijaa? aliuliza Profesa.

— Kichwa cha karani kina nafasi.

Walicheka. Gachoki naye alicheka, kidogo.

— Kuna daktari pia, alisema, kama mtu anayejaribu uji kwa kidole.

— Hospitali? alisema Profesa. Mwenda pole hajikwai, bwana. Nyamu si alikimbia huko? Mguu akauacha.

Nyamu alikuwa ndugu yake Gachoki, na mguu wake ulikatwa huko hospitali. Kicheko kilikatika. Kwa kuogopa yaliyompata ndugu yake, Gachoki alikunywa kila alicholetewa, wala si kwa kuamini sana. Kila fungu la majani lilimpa siku nyingine ya kutovua kiatu.

Wawira, aliyeolewa kijijini majuzi tu, alikuwa akipita na mtungi wa maziwa. Alisimama kwa heshima.

— Wazee, hamjambo. Mnatibu nini?

— Kidonda cha Mizani.

— Kinafananaje?

Profesa alimtazama Mabomba. Mabomba akatazama lango. Miezi mitatu ya dawa, na hakuna kati yao aliyewahi kukiona.

— Na wewe, baba? Wawira alimuuliza Gachoki.

Gachoki alihesabu moyoni. Siku tisa hajavua kiatu. Hata yeye hakujua kilivyo sasa.

Akainama kuvuta gambuti. Lilikataa, mguu ulikuwa umelijaza. Profesa akaweka majani yake juu ya benchi, akapiga magoti vumbini, akashika kisigino.

— Polepole, alisema Gachoki.

Harufu ilitangulia. Profesa hakugeuza uso. Alitazama muda mrefu, kama anayesoma barua ya msiba.

— Mabomba, alisema, kisigino bado mkononi, tafuta gari. Tunaenda hospitali, sote watatu.