Risala ya Kikundi cha Bado Tupo kuhusu Umri wa Kufika Kileleni

Mgeni rasmi, Mkuu mpya wa Hifadhi ya Mlima wetu, muuguzi wetu wa zahanati, ndugu waalikwa, na ninyi wajukuu mliokaa juu ya ukuta ilhali viti vipo:

KUKUKARIBISHA

Sisi wanakikundi wa Bado Tupo tunakukaribisha kwa furaha kutufungulia msimu wa kupanda. Tunakushukuru kwa kuja, na zaidi kwa kuja kwa miguu kutoka kituo cha mabasi. Tulikuona kupitia dirisha. Pale kwenye mwinuko wa duka la dawa ulisimama ukajifanya unaangalia simu. Usione haya, mgeni wetu. Hata sisi tulianzia hapohapo, na wengine wetu hatukuwa na simu ya kusingizia.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la zahanati, siku ya kliniki ya presha. Muuguzi alikuwa amechoka kutupa dawa zilezile kwa maradhi yaleyale. Akatuambia, "Wazee wangu, vidonge peke yake havitoshi. Tembeeni."

Dereva wetu mstaafu wa lori akamuuliza, "Tutembee kwenda wapi, nasi hatuna safari?"

Muuguzi akanyoosha mkono dirishani, akauonyesha mlima. Tulicheka sana. Mgeni rasmi, sisi tumezaliwa chini ya mlima huu. Tumeutumia miaka yote kujua kama mvua itanyesha na kama nguo zitakauka. Lakini kuupanda tuliona ni shughuli ya wageni wenye viatu vizito na miwani myeusi.

Hata hivyo tulianza. Kwanza hadi duka la dawa. Kisha hadi mahali lami inapoishia. Msimu uliofuata tukafika malisho ya juu, ambako ng'ombe walituangalia kama watu waliopotea. Watoto wetu walitutania. Mmoja alimwambia mama yake, "Mama, kama unachotaka ni upepo, fungua dirisha." Na kila tuliporudi jioni, muuza magazeti wa kituoni alituuliza, "Wazee, mpo?" Nasi tukamjibu, "Bado tupo." Jina likabaki hilo.

MAFANIKIO

Presha zetu zimeshuka, muuguzi ni shahidi. Kitambi cha dereva kimepungua mpaka suruali zake zote zimepelekwa kwa fundi cherehani zikapunguzwe. Huyo fundi ni mwenzetu, na mikoba yote mnayoiona hapa ameishona yeye kwa turubai la hema kuukuu. Na tangu tulipopata nguvu za kuvuka lile genge la mawe lililo juu ya kibanda cha mapumziko, kila msimu kikundi chetu kimefika kileleni.

Tunasema kikundi, mgeni rasmi. Hatukusema kila mtu.

Tunaye mama mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, tunayemwita Mama Rudi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Mlimani ni lazima mmoja ashindwe njiani, na aliyeshindwa haachwi ashuke peke yake. Mwaka wa kwanza wa kwenda kileleni goti langu, mimi msusi ninayewasomea, liligoma kabla ya ukingo wa mwisho. Mama Rudi akanishika mkono: "Twende, mwenzangu. Kilele hakihami." Mwaka uliofuata ikawa tumbo la dereva, aliyekuwa amekula mayai ya kuchemsha kama anayahamisha. Kisha ikaja siku ya ukungu, mwoka mikate akaingiwa na woga pale njia inapokuwa nyembamba. Kila mara aliyerudi na mgonjwa alikuwa yeye. Sisi tukishuka tunamkuta kibandani na chupa ya chai, naye swali lake ni moja: "Kukoje huko?" Tunamweleza, kila mtu kwa namna yake, mpaka akawa anakijua kilele kwa midomo yetu tu.

Mwaka jana, msimu ukiwa karibu kuanza, tulikuta tangazo langoni: kuanzia msimu ujao, yaani huu, aliyetimiza miaka sitini na tano haruhusiwi kupita kibanda cha mapumziko. Tulielewa sababu. Mzee mmoja mgeni alikuwa amepotea huko juu, na waokoaji walihangaika kumtafuta. Mama Rudi umri huo alishaupita zamani. Kwa hiyo safari ya mwaka jana ilikuwa yake, na sote tuliapa kutougua. Dereva alikula mkate mkavu tangu asubuhi. Na fundi cherehani, ambaye ni shemeji wa Mama Rudi, mdogo wa marehemu mumewe, alifunga duka kwa mara ya kwanza. Miaka yote msimu wa kupanda humkuta anashona sare za shule, na hakuwahi kufika juu ya malisho. Safari hii alibandika karatasi mlangoni: "Nimekwenda juu."

Tulipanda vizuri, tukiimba pale pumzi iliporuhusu. Chini kidogo ya ukingo wa mwisho tukamkuta binti, mwanafunzi wa chuo, ameketi peke yake juu ya jiwe. Midomo imempauka, ametapika, wenzake wametangulia.

"Unaumwa wapi, mwanangu?" Mama Rudi akamuuliza.

"Kichwa, bibi. Nataka nilale kidogo tu."

Sote tulijua kwamba mtu wa hali hiyo hapaswi kulala huko. Anashushwa, tena mara moja. Mama Rudi alikuwa ameshaanza kukaza shali yake. Ndipo fundi alipouchukua mkoba wa yule binti akautia begani.

"Shemeji, leo narudi mimi."

"Wewe magoti yako ni mazima. Nenda juu."

"Ndiyo sababu. Huyu anahitaji wa kumwegemea."

"Sitaki kuonewa huruma," Mama Rudi akasema.

"Nani anakuonea huruma? Wenzako wote hawa umewarudisha wewe. Mimi sijawahi kumrudisha mtu. Nipe na mimi zamu."

Mama Rudi akaivua shali, akamfunga nayo yule binti kifuani. "Mnyweshe maji kidogo kidogo," akamwagiza fundi. "Na usimsimulie habari za cherehani njia nzima, atazirai."

Wakashuka wawili, nasi tukapanda.

Mgeni rasmi, tungependa ungekuwepo. Alipofika kileleni Mama Rudi alilizunguka rundo la mawe, akaligusa kila upande kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kumnunua. Akavua glavu, akachota theluji, akaila. Akatafuta paa la nyumba yake kule chini, asilione, akacheka mpaka akakaa. "Mlinidanganya," akatuambia. "Mlisema ni padogo." Dereva akatoa mfukoni yai moja aliloficha, akammenyea. Tulipomwambia twende, akasema tutangulie, na hatukutangulia.

Kibandani tulimkuta binti amepata rangi, anakunywa chai. Fundi akasimama. "Kukoje huko, shemeji?"

Mama Rudi akajimiminia chai. "Sikwambii," akasema. "Utakwenda ujionee mwenyewe."

CHANGAMOTO

Paa la kibanda linavuja upande wa jiko. Lile genge la mawe nalo linahitaji kamba ya kushikilia.

Changamoto ya tatu ni kwamba wakati wa baridi fundi cherehani alitimiza miaka sitini na tano. Tulimpikia, tukampigia makofi, na katikati ya makofi mtu akakumbuka lile tangazo. Keki ililiwa kimya kimya.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba mabati ya paa. Kuyabeba hadi juu ni kazi yetu, dereva ameshajigamba mbele za watu.

Pili, tunaomba utupime kwa pumzi na mapigo ya moyo badala ya cheti cha kuzaliwa. Muuguzi amekubali kusimama langoni asubuhi ya safari. Atakayemkataa hatapita, awe kijana au mzee. Na atakayeshindwa njiani tutamshusha wenyewe. Kurudisha watu ni kazi tuliyoizoea.

Tatu, tunajua kanuni haibadilishwi kwa siku moja. Ikiwa hiyo itachukua muda, tunaomba kibali cha mtu mmoja kwa msimu huu. Mwenyewe hakututuma. Amekaa mstari wa pili, anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Yule binti wa chuo amekuja kwa basi la asubuhi, yuko kando yake, na amesema safari hii mkoba ataubeba yeye.

Uelewe, mgeni rasmi, hali tuliyonayo. Shemeji hawa wawili wanakula meza moja kila Jumapili. Majira yote ya baridi fundi amembembeleza Mama Rudi amsimulie hata kidogo tu: upepo ukoje, mtu anaona nini upande wa pili. Mama amekataa katakata. Anasema ahadi ni ahadi. Tunakuomba sana usimlazimishe kusimulia.

HITIMISHO

Mungu akujalie mapafu mapana na magoti yasiyolalamika. Azilinde njia za mlima huu na wote wanaozipita, awape anga safi wanaopanda na mwenzi mwema wanaoshuka. Ukiwa tayari kupanda, sisi tunaondoka alfajiri, na tunaenda taratibu.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Bado Tupo