Agnes Keji na Mlango wa Benki ya Uwekezaji

Padre, wazee wa Aroi na wa Lurujo, wanaushirika, ndugu na jamaa, tunaomba walio nje ya turubai wasogee karibu, kwa sababu historia hii marehemu aliiagiza mwenyewe, akataka isomwe yote mbele ya watu wa Aroi bila kupunguzwa, na familia, baada ya kuvutana sana, imenipa mimi mdogo wake, Night Poni, kazi ya kuisoma.

Agnes Keji alizaliwa tarehe 9 Juni 1988 kijijini Lurujo, Koboko, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Yosefu Mogga, aliyekuwa askari, na Mama Rosa Kiden, muda mfupi baada ya wazazi wake kurudi kutoka ukimbizini Zaire, na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa haijaezekwa bado, alizaliwa jikoni kwa jirani.

Alisoma shule ya msingi Lurujo kuanzia mwaka 1995, kisha sekondari ya misheni Ediofe kuanzia mwaka 2002, ambako alikuwa na tabia ya kukataa kuondoka ubaoni mpaka aeleweshwe kwa nini jibu ni lile na si lingine, jambo lililowachosha walimu wengi, na mwaka 2008 akaingia chuo kikuu Kampala kusomea ualimu wa hesabu na uchumi, akahitimu mwaka 2011 na kurudi Arua kufundisha.

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa katika kanisa kuu la Ediofe na Bwana Obeti wa hapa Aroi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Annet, aliyezaliwa mwaka 2014, na Enoch, aliyezaliwa mwaka 2017, na tangu siku ya kwanza aliishi vizuri na mama mkwe wake, Mama Ayikoru, ambaye wote mnamfahamu kuwa mwenyekiti wa ushirika wenu wa alizeti, na mmoja wa wale waliobeba matofali kichwani kujenga kiwanda cha kukamua mafuta.

Mwaka 2016 walikuja wageni kutoka Kampala kukikagua kiwanda hicho, na Keji akaombwa awatafsirie wakulima, na kazi ilipokwisha alimfuata mmoja wao mpaka kwenye gari akamuuliza wao ni watu gani hasa, yule kijana akamjibu, "Sisi ni benki ya uwekezaji, tunatafutia kampuni mtaji, na kampuni zikitaka kuuzana tunakaa katikati." Jioni ile alimwambia mumewe kwamba kwa miaka yote amefundisha watoto hesabu bila kujua zinakoishia, na sasa amepaona mahali zinapoishia, naye anataka kufika huko.

Tangu hapo alianza kujisomea mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, akisoma wakati wa mapumziko ya mchana wenzake wakinywa chai, akaifaulu yote kufikia mwaka 2020, na katikati ya hayo akatuma maombi kwa kila benki ya aina hiyo iliyoko Kampala, nyingi zikanyamaza, na zilizomwita zikamwambia jambo moja, kwamba hana uzoefu. Katika usaili mmoja alimuuliza mama aliyekuwa akimhoji, "Uzoefu nitaupata wapi, ikiwa kila mlango unanidai uzoefu?" Yule mama akafunga faili na kusema, "Labda kwingine, hapa hatufundishi." Keji alirudi Arua kwa basi akiwa amevaa suti ileile ya usaili, na kesho yake akaingia darasani kama kawaida, na mwalimu mwenzake alipomuuliza safari ilikuwaje alisema barabara imetengenezwa vizuri.

Mwezi Agosti 2021 benki moja, ambayo familia imeamua isiitaje hapa, ilimwita na kumchukua kwa mkataba wa miezi sita wa mafunzo kazini, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu kati ya vijana waliotoka chuoni juzi, na alifurahi, kwa sababu aliamini kwamba mitihani yake hatimaye imesomwa na mtu. Aliyemfundisha kazi kwa moyo ni Bi. Latifah, aliyeketi meza ya jirani, akamwonyesha namna ya kupanga hesabu za kampuni kwenye kompyuta na namna ya kuzungumza na wateja, na ni Latifah huyohuyo aliyemwambia ukweli baadaye, kwamba mkurugenzi hakuwahi kuangalia mitihani ile, aliangalia mstari wa barua yake ya maombi uliosema kwamba anaishi Aroi na anasema Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, kwa kuwa alikuwa na mteja anayetaka kununua kiwanda cha Aroi.

Keji alikasirika, lakini hakuondoka, maana alijiambia kwamba ikiwa kiwanda kitauzwa ni heri katikati akae mtu wa nyumbani, na ni yeye aliyedai kiwekwe kifungu cha kwamba mnunuzi hataziondoa mashine Aroi, na kwamba ataendelea kununua alizeti ya wanachama, na mnunuzi akakubali. Rasimu ya mwisho ilipotoka, kifungu kilikuwepo, ila badala ya kusema mnunuzi hataziondoa mashine, kilisema atajitahidi asiziondoe. Alilipeleka neno hilo kwa mkurugenzi, na mkurugenzi, bila kuinua macho, akamuuliza, "Keji, unataka kubaki mwalimu, au unataka kazi hii? Barua yako ya ajira nitaitia sahihi mauzo yakikamilika."

Tarehe 25 Februari 2022 wanachama walikusanyika kiwandani, na wengi wenu mlikuwepo, mtakumbuka kwamba Mama Ayikoru alikataa kushika kalamu mpaka amgeukie mkwewe, akamwambia, "Keji, mutoto yangu, hii mashini itabaki hapa? Hawa watu mimi hapana jua. Sema wewe." Keji alitazama wanasheria, akatazama watu waliokuwa wamevaa nguo zao za kanisani, akasema, "Itabaki, mama." Mama Ayikoru akatia sahihi, na wengine wote wakamfuata.

Wiki iliyofuata aliajiriwa rasmi kuwa mchambuzi, akawa mtu wa kwanza wa ukoo wake na wa ukoo wa mumewe kufanya kazi ile, na kanisani Lurujo alitangazwa, na watu wakampigia makofi. Alifanya kazi vizuri, hata mkurugenzi alimsifu mbele ya wateja, na kwa mwaka mmoja hivi alikuwa kile alichotaka kuwa.

Mwezi Mei 2023 malori yalikuja Aroi, mashine zikafunguliwa na kupelekwa kusini, na Obeti alipompigia simu, Keji alisikiliza kelele za nyundo mpaka simu ikakatika. Alipokuja nyumbani Krismasi, watu waliokuwa wakimwita mwalimu walipita bila kumsalimia, na Mama Ayikoru alimpakulia chakula kama mgeni, kwenye sahani ya wageni, akatoka nje.

Tangu mwaka huo alikuwa akisikia maumivu ubavuni kulia, akayaficha, kwa sababu alijua nafasi yake ameipata kwa shida na hakutaka aonekane mgonjwa, na alipokwenda kupimwa mwezi Septemba 2024 ilikuwa ni homa ya ini ya aina ya B, ambayo tayari ilikuwa imezaa saratani. Benki haikumfukuza, familia haisemi uongo, mkataba wake uliisha mwezi Desemba na haukuhuishwa, na mwezi Januari 2025 Obeti alimleta hapa Aroi, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

Mama Ayikoru ndiye aliyemwogesha, aliyefua shuka zake na kumnywesha uji, miezi yote ile, bila maneno, ila yale ya geuka na fungua mdomo. Siku moja mwezi Julai, Keji akiwa amedhoofu sana, alimshika mkono akasema, "Mama, ile siku ya kalamu, mimi nilikuwa najua." Mama Ayikoru alikoroga uji, akamjibu, "Na mimi najua kama wewe ulijua. Kunywa." Keji akanywa, na hawakulizungumza tena, na Mama Ayikoru ametuambia wazi kwamba kumtunza si kusamehe, na tusije tukasema hapa kwamba alisamehe.

Agnes Keji alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025, katika hospitali ya rufaa ya Arua, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, na ameacha mume, watoto wawili, wazazi wote wawili na ndugu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Arua, ambao hawakumficha hali yake hata siku moja, inamshukuru Bi. Latifah, aliyeomba ruhusa, akanyimwa, akaja, na benki pia inashukuriwa kwa maua, yamepokelewa. Tunawashukuru majirani walioleta kuni na maji, na kaka zake waliokuja kutoka Lurujo na majembe yao kuchimba kaburi, baada ya kuonekana kwamba hapa Aroi hakuna atakayelichimba, na wanaushirika mliokaa kule nyuma mikono kifuani, hatuwaombi mje mbele, yeye mwenyewe alisema msiombwe, alitaka tu mlisikie kutoka kwake neno hili, kwamba alijua.

Keji, imesomwa yote. Lala sasa, upumzike kwa amani kama ipo.